Shati Nyuma ya Mlango

Maili Moja, hapo Kibaha, siku ile ilikuwa imefurika. Wauza mahindi ya kuchoma walipishana na wabeba mizigo, spika za duka moja la simu zilishindana na za duka la jirani, na katikati ya vurugu hiyo Zablon alisimama kando ya barabara na boksi lililojaa vifaranga, akimsubiri mteja. Alikuwa amevaa kofia nyekundu. Kofia hiyo ndiyo iliyomponza.

"Wewe! Mwenye kofia nyekundu! Ulidhani sitakupata?"

Aligeuka. Mbele yake alisimama msichana mrefu kiasi, mweusi wa kung'aa, gauni la kitenge cha rangi ya machungwa, raba nyeupe zilizoshika vumbi, mkoba wa chuo begani. Macho yake yalikuwa yanawaka.

"Unaongea na mimi, dada?"

"Kwani naongea na kofia? Nirudishie hela yangu, Maneno! Tangu asubuhi unaniambia niko njiani, niko njiani, kumbe umesimama hapa unauza kuku!"

"Mimi siitwi Maneno."

"Leo huitwi Maneno. Jana kwenye simu ulikuwa dalali Maneno, una vyumba Mkuza, una vyumba Tumbi, vyote vina tailizi na maji ndani. Nikatuma hela ya kuoneshwa chumba. Ukasema utanikuta hapa, umevaa kofia nyekundu."

Watu wakaanza kusogea. Mama mmoja muuza ndizi akaweka sinia lake chini ili asikie vizuri. "Kijana, mrudishie mtoto wa watu hela yake," alisema, kama aliyekuwepo tangu mwanzo wa kesi. Vifaranga nao wakapiga kelele kwenye boksi kama wanaotoa ushahidi.

"Dada yangu," Zablon alisema, "mpigie huyo Maneno sasa hivi. Simu yangu ikiita, chukua vifaranga hawa wote, na kofia juu."

Msichana akapiga. Mfuko wa Zablon ulibaki kimya. Kilichosikika ni sauti ya mwanamke wa mtandao akisema namba hiyo haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Hasira ikamtoka usoni kidogo kidogo, na mahali pake pakaja kitu kibaya zaidi: midomo ikaanza kutetemeka.

"Nimeibiwa," alisema kwa sauti ndogo. "Masomo yanaanza, hosteli zimejaa, na nimebanana na mwenzangu kitanda kimoja mpaka ameanza kununa. Samahani, kaka. Nimekudhalilisha mbele za watu."

"Mimi si tatizo. Umewatisha watoto wangu."

Akainua kifuniko cha boksi. Msichana akachungulia, akaona vile vichwa vidogo vya manjano vikimtazama kwa pamoja, akacheka. Kicheko hicho kilimwingia Zablon moja kwa moja, na tangu siku hiyo hakikutoka.

Aliitwa Benedikta. Alikuwa mwaka wa pili chuoni, kwao Magindu, baba yake mfugaji. Zablon alikuwa msimamizi wa shamba la kuku Kisarawe, na kila wiki alileta vifaranga Kibaha kwa wateja wake.

"Mmoja wa wateja wangu ni mzee wa Mkuza," alimwambia. "Mzee Wilbrod. Mtu wa kanisani, kiongozi wa jumuiya, mstaarabu kweli. Ana vyumba vya kupangisha uani kwake. Twende ukaone, hakuna hela ya kuoneshwa."

Ndivyo ilivyokuwa. Chumba kile alikitafuta Zablon mwenyewe.

Mzee Wilbrod aliwapokea getini, shati jeupe limenyooshwa, kalamu mfukoni. Mkewe alikuwa shambani Gwata, hivyo pale nyumbani alikaa peke yake, yeye na wapangaji. Chumba kilikuwa safi, dirisha lina nondo, choo cha pamoja uani. Benedikta alizunguka akigusa kila kitu, kisha akaanza maswali. Wapangaji wengine ni akina nani? Mkataba upo? Mwenyekiti wa mtaa anakaa wapi? Na ufunguo wa akiba, ni nani anao?

"Ufunguo ni huo mmoja tu, mwanangu," Mzee Wilbrod alisema kwa upole. "Ukipotea, tunavunja kitasa."

"Bene, unamhoji mzee kama polisi," Zablon alinong'ona, akicheka kwa aibu.

Benedikta akaacha maswali. Siku ya kuhamia mvua iliwakuta njiani na kitanda, Zablon akalowa mpaka mifupani. Alivua shati, akavaa koti lake la kazi, akarudi Kisarawe akipiga mluzi. Lile shati alilisahau, kwa sababu kichwani mwake siku hiyo hapakuwa na nafasi ya shati.

Basi mapenzi yakashika, Zablon akapelekwa mpaka Magindu kutambulishwa, wakawa wachumba. Kila jioni, baada ya kuwafungia kuku, Zablon alipanda kwenye kichuguu nyuma ya banda, mahali pekee palipokuwa na mtandao mzuri, akapiga simu.

"Kuku wamekula?" Benedikta aliuliza.

"Wamekula. Mwenye kuku ndiye hajala."

"Kwa nini, jamani?"

"Anamsubiri mke apike."

"Huyo mke mtamsubiri mpaka amalize chuo, wewe na njaa yako."

"Nitasubiri. Kuku nao husubiri mayai yaanguliwe, hawavunji maganda."

"Ona mshairi wa mabandani!" Na kicheko kile kikamwagika upande wa pili, na Zablon akabaki juu ya kichuguu akitabasamu peke yake kama mwehu.

Tatizo lilikuwa hili: Zablon alikuwa mtu mwema aliyekuwa na wivu kama ugonjwa. Alijijua. Aliwahi kuondoka kwenye harusi ya binamu yake kwa sababu mpiga picha alimwambia msichana aliyekuwa naye atabasamu. Na Kisarawe na Kibaha, hata kama ramani inaonesha ni majirani, kwa mtu mwenye wivu ni mbali sana. Ukiwa mbali unasikia vitu ambavyo ukiwa karibu usingevisikia.

Jambo la kwanza alilolisikia lilikuwa jina. Brayan.

"Brayan amesema swali hilo litatoka kwenye mtihani." "Brayan ametuletea karanga." "Leo Brayan katuchekesha darasani, acha tu." Siku moja Benedikta alituma picha ya kikundi chao cha kujisomea, na Zablon akamwona: mrefu, kinyozi wake anajua kazi, shati la kubana, viatu vinang'aa hata kwenye picha. Zablon akajitazama. Mabuti ya mpira, ovaroli yenye kinyesi cha kuku. Akanusa kiganja chake. Kilinuka dawa ya banda.

"Huyo aliyesimama nyuma yako ni nani?"

"Si ndiye Brayan? Nilikwambia."

"Mbona amekuegemea?"

"Zablon, picha haikuwa na nafasi. Tulikuwa tumebanana."

"Wengine mbona hawajakuegemea?"

Benedikta akasema taratibu: "Lala salama, mpenzi."

Wiki zilivyokwenda sauti yake ilianza kubadilika. Alijibu kwa kifupi. Mara simu haikupokelewa, mara ilipokelewa kwa kunong'ona. Jioni moja alianza mwenyewe: "Zab, kuna jambo kuhusu hii nyumba nataka nikuambie. Sijui nianzie wapi…" Nyuma yake mwanaume akacheka.

"Nani huyo?" Zablon akauliza.

"Nani?"

"Anayecheka. Nimemsikia, usinifanye mtoto. Uko wapi na uko na nani?"

"Niko maktaba. Zab, nisikilize kwanza…"

"Maktaba watu wanacheka? Ni Brayan?"

Benedikta akavuta pumzi ndefu. "Basi," akasema. "Haikuwa kitu. Usiku mwema." Simu ikakatwa.

Zablon hakulala. Alfajiri, akiwa anamwaga chakula kwenye vihori, wazo likamjia, na likaonekana zuri kabisa. Akachukua simu, akamtumia Mzee Wilbrod ujumbe wa sauti.

Mzee alijibu upesi, kwa huruma yote. Alisema anamwelewa, yeye naye aliwahi kuwa kijana. Alisema asiwe na shaka, atamwangalizia, kwani binti akiwa chini ya paa lake ni kama mwanawe. Kuanzia hapo ujumbe ukawa unakuja kila baada ya siku chache. Leo amerudi kachelewa. Leo kuna kijana mrefu amemsindikiza mpaka getini. Leo nimemsikia anaongea na simu, anacheka sana, sidhani alikuwa anaongea na wewe. Zablon naye akamsimulia mzee mambo yake yote: walivyogombana, alivyosema, anavyomshuku. Safari ya vifaranga iliyofuata alimpelekea trei la mayai na jogoo mwekundu, akamshukuru kwa mikono miwili.

Kisha ukaja ule ujumbe wa shati.

"Mwanangu," sauti ya mzee ilisema, nzito kama ya msiba, "mimi sipendi kuvunja mapenzi ya watu. Lakini nitakosa usingizi nisipokwambia. Leo nimeona shati la kiume limetundikwa nyuma ya mlango wake."

Zablon alisikiliza mara moja. Alisikiliza tena. Shati. Yaani mtu alivua shati, akalitundika, akakaa. Aliliona kabisa: limebana mabegani, linanukia manukato, limekaa kwenye msumari alioupiga yeye Zablon kwa mkono wake siku ya kuhamia. Alimwachia mwenzake zamu ya banda, akavaa suruali yake nzuri na viatu vyake vya kuvaa harusini, akaondoka kwenda Kibaha bila kumpigia mtu simu.

Geti lilikuwa wazi. Kwenye kibaraza, Tunu, mpangaji wa chumba cha jirani, alikuwa ameinamia cherehani akishona sare za shule. Alimwona akipita kama upepo, bila salamu.

Brayan alikuwa amepiga magoti mbele ya mlango wa Benedikta, bisibisi mkononi, jasho likimtiririka. Benedikta alisimama kando yake, khanga imefungwa kiunoni juu ya sketi, akimshikia skrubu kwenye kiganja. Walikuwa wanaongea chini chini, vichwa vimekaribiana.

"Kumbe ni kweli," Zablon alisema.

Benedikta akashtuka, skrubu zikamwagika sakafuni. "Zab! Umekuja lini? Mbona hukupiga?"

"Nipige ili mjipange? Wewe," alimgeukia Brayan, "inuka nikuone vizuri. Wewe ndiye mwenye nyumba siku hizi? Unatengeneza mlango wako?"

"Kaka, tulia," Brayan alisema, akinyanyuka polepole. "Mimi nabadilisha kitasa tu. Baba yangu ni seremala, Bene ameniomba…"

"Bene! Anamwita Bene!" Zablon alicheka kicheko kibaya. Tunu alikuwa ameacha cherehani. Mpangaji mwingine alichungulia kwa pazia. "Mimi nanuka kuku huko porini, natuma hela za vocha, kumbe huku watu wanabadilishiwa vitasa. Umemwambia hata avae shati lake, au bado limetundikwa nyuma ya mlango?"

"Shati gani?" Benedikta aliuliza.

"Usinichezee! Mzee Wilbrod ameniambia yote. Kila kitu. Nani anakuja, saa ngapi unarudi, unavyocheka kwenye simu!"

Hapo Benedikta akatulia. Hakukasirika. Alitulia namna ambayo Zablon hajawahi kuiona, kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi.

"Mzee Wilbrod," akasema. "Huwa unaongea naye."

"Kila wiki. Afadhali yeye ana huruma na mimi."

"Ulimwambia kwamba tuligombana? Siku ile ya maktaba?"

"Nilimwambia. Kwani uongo?"

Benedikta akakaa kwenye kizingiti. Brayan akatazama pembeni. "Siku iliyofuata aligonga mlango wangu," Benedikta alisema, akiongea na sakafu. "Akasema amekuja kuangalia mita ya umeme. Mita iko nje. Nikamwambia atoke. Akasema, 'Unaringa nini? Hata Zablon wako amekukatia tamaa. Ukisema lolote, nani atakuamini?' Nikajiuliza, amejuaje? Usiku kucha najiuliza. Nikasema labda anabahatisha."

Zablon akasogea hatua moja. "Bene…"

"Narudi kutoka darasani nakuta kitanda kimekaliwa. Nakuta khanga zangu zimekunjwa si kama ninavyokunja mimi. Nguo nyingine siwezi hata kuzitaja mbele ya watu. Ana ufunguo. Tangu siku ya kwanza ana ufunguo. Nilipotaka kukwambia, uliniuliza nani anacheka." Akanyanyuka, akaushika mlango kwa kingo. "Unataka kuona shati la mwanaume? Njoo ulione."

Akauvuta mlango, upande wa ndani ukageuka kwenye mwanga.

Kwenye msumari lilining'inia shati la mistari ya bluu, limefuliwa, limepigwa pasi, kola imekaa sawa. Kwenye mkono wa kushoto palikuwa na kiraka kidogo, mahali jogoo mmoja mkali alipolichana zamani. Zablon alikitambua kile kiraka. Alikishona mama yake.

"Uliliacha siku ya mvua," Benedikta alisema. "Nililitundika pale ili nikifunga mlango nilione. Nilijiona kama niko na mtu." Akauachia mlango. "Na sasa fikiria mwenyewe, Zablon. Nikiwepo, mlango huu uko wazi na umeegemea ukuta. Nikitoka, naufunga kwa ufunguo. Aliyeliona hilo shati alikuwa amesimama wapi?"

Zablon alikuwa ameshageuka, anaelekea nyumba kubwa, ngumi zimekaza. Tunu ndiye aliyemzuia, mwanamke mfupi mwenye futi ya kupimia shingoni.

"Unakwenda kufanya nini?"

"Nipishe, dada."

"Sikupishi. Ukimpiga, wewe ndiye utakayelala kituoni, na yeye jioni atasalisha jumuiya kichwa kikiwa na bendeji, watu wampe pole. Unadhani ni Bene tu? Kabla yake kulikuwa na binti mwingine chumba kile kile. Aliondoka analia, hakusema neno, na sisi tukanyamaza." Akamkazia macho. "Una simu yenye sauti za yule mzee?"

"Ninazo."

"Basi hasira yako ipeleke pale itakapomuuma. Ofisi ya mtaa iko wazi."

Walikwenda wote. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa Bi Mwanakheri, mwanamke mnene mwenye miwani, sauti yake ya chini kiasi kwamba watu walilazimika kunyamaza ili wamsikie. Mzee Wilbrod aliitwa, akaja na shati lake jeupe, akawasalimia wote kwa majina. Alisikitika. Alisema watoto wa siku hizi hawana shukrani. Alisema hajawahi kukanyaga chumba cha mpangaji, ufunguo ni ule mmoja tu aliompa binti, na kwamba binti huyu, kwa masikitiko makubwa, ana tabia ambazo hata mchumba wake anazijua.

"Mchumba wake si ndiye huyu?" Bi Mwanakheri aliuliza. "Mwanangu, unasemaje?"

Zablon alitoa simu. Alijua kwamba ujumbe wa mzee hauwezi kueleweka bila ule uliotangulia, na ule uliotangulia ulikuwa wake. Angeweza kuuruka. Benedikta alikaa kwenye benchi la pembeni, mikono mapajani, akitazama dirishani. Zablon akabonyeza tangu mwanzo.

Sauti yake mwenyewe ikajaa ofisini. "Shikamoo mzee. Nakuomba unifanyie jambo moja tu. Huyu Benedikta simwamini tena. Niangalizie nani anaingia, nani anatoka, saa ngapi hayupo. Mimi nimeshachoka naye, mzee, ni vile tu nimeshajulikana kwao."

Hakuna aliyemtazama, na hilo lilikuwa baya kuliko kutazamwa. Ujumbe ukafuata mmoja baada ya mwingine mpaka ule wa shati. Ulipokwisha, Bi Mwanakheri alivua miwani.

"Mzee Wilbrod. Nyuma ya mlango uliofungwa unapaonaje ukiwa nje?"

Mzee alimtazama Zablon, kwa mara ya kwanza bila ile huruma. Halafu akaanza kusema habari ya dirisha, akakumbuka kwamba dirisha liko ukuta ule ule wa mlango, akaishia njiani. Tunu akasimama bila kuulizwa, akasema yaliyomkuta yule binti wa kwanza. Mpangaji aliyekuwa akichungulia kwa pazia naye akasema la kwake. Kabla ya jua kuzama suala lilikuwa limefika dawati la jinsia polisi, na ufunguo wa pili ulikuwa umepatikana kwenye droo ya mzee, umefungwa kwa kamba pamoja na za vyumba vingine.

Nje ya kituo Zablon alimfuata Benedikta. "Bene. Nisamehe."

"Siwezi leo."

"Nitakusaidia kutafuta chumba kingine. Namjua mtu Visiga…"

"Hapana." Alilisema bila ukali. "Chumba nitatafuta mwenyewe. Nikikipata, hutakijua kilipo mpaka nitakapotaka. Unasikia, Zablon? Ulimuuliza mtu saa ngapi sipo. Na yeye akazitumia saa hizo."

Akaondoka na Tunu. Brayan alibaki nyuma kidogo, akampa Zablon mkono, akawakimbilia wenzake. Wakapotea kwenye kona wote watatu, na Zablon hakuwa na haki ya kuuliza wanakwenda wapi.

Miezi iliyofuata ilimtesa. Wivu haukumtoka, nani alikudanganya kwamba wivu hutoka kwa sababu umeaibika? Uliamka naye, ukala naye. Alijiuliza Benedikta anakaa wapi, nani alimbebea kitanda, nani anamchekesha. Aliandika ujumbe wa kuuliza, akaufuta. Jioni alipanda kichuguu kwa mazoea, akashuka bila kupiga. Mara moja kwa wiki alituma maneno machache: natumaini uko salama. Wakati mwingine alijibiwa "niko salama". Wakati mwingine hakujibiwa. Kesi ilipoanza kusikilizwa alikwenda kutoa ushahidi, akasema tena mbele ya watu yale maneno yake mwenyewe, akarudi Kisarawe bila kumsumbua.

Siku moja yuko bandani anawachanja vifaranga, simu ikaita. Aliiangalia, nusura adondoshe bomba la sindano kwenye ndoo.

"Kuku wamekula?" sauti ikauliza.

Alikaa chini palepale kwenye maranda. "Wamekula."

"Jumamosi njoo mchana. Mwendapole, ukifika uliza kwa Mama Imakulata, yule nesi mstaafu. Usije na mayai."

Alikwenda bila mayai. Aliogea sabuni mpaka ngozi ikalalamika. Nyumba ilikuwa ya rangi ya kijani, ua umefagiliwa, mama mtu mzima amekaa kwenye kiti cha plastiki akichambua mchicha. Na pale barazani, juu ya mkeka, kikundi cha kujisomea kilikuwa kimeenea na vitabu vyao. Benedikta katikati, nywele amesuka upya, blauzi ya rangi ya maziwa na sketi ndefu ya bluu, amependeza kiasi kwamba Zablon alisahau kusema hodi. Pembeni yake, bega kwa bega, Brayan, na wote wawili wanacheka kitu kilichokuwa kwenye daftari.

Wivu ukamjia mzima mzima kama siku ile ya bisibisi. Alisimama getini akaumeza, ukarudi, akaumeza tena.

"Hodi hapa."

"Karibu," Mama Imakulata alisema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe nani?"

Brayan alikuwa ameshamwona, akainuka, akamsogezea kigoda. Zablon akampa mkono, hakuuachia upesi. "Brayan, siku ile nilikutukana na ulikuwa unafanya kazi ambayo ilipaswa niifanye mimi. Nisamehe, ndugu yangu."

"Imekwisha, kaka," Brayan alisema, kwa haya kidogo.

"Nimeuliza huyu ni nani," mama mwenye nyumba alirudia, kisu juu. "Hapa kwangu haingii mtu nisiyemjua. Benedikta, mgeni wako huyu?"

Benedikta alifunga daftari, akaweka kalamu juu yake, akamtazama Zablon kuanzia viatu mpaka utosini, taratibu, kama mtu anayekagua chumba kabla ya kulipa.

"Anaitwa Zablon, mama. Ni mchumba wangu," alisema. "Ila yuko kwenye majaribio."

Wenzake wakaangua kicheko. Mama Imakulata akacheka mpaka mchicha ukamponyoka. "Basi wa majaribio wanakaa barazani," akasema, "ndani hawaingii."

"Barazani panatosha, mama," Zablon alisema, na kweli palimtosha.

Wanafunzi wakarudi kwenye vitabu. Benedikta alimletea chai ya tangawizi, akainama kumpa kikombe, na Zablon akamwambia kwa sauti ya kumtosha yeye peke yake: "Bene, nisikufiche. Naona wivu. Hata sasa hivi naona."

"Najua. Nimekuona ulivyosimama getini, umevimba kama chatu aliyemeza mbuzi."

"Sijui utaisha lini."

"Labda hautaisha." Akamwachia kikombe, vidole vyake vikakaa juu ya vidole vya Zablon kidogo zaidi ya lazima. "Ukikushika, niambie mimi. Usimwambie mtu mwingine yeyote. Niambie mimi, hata kama ni saa nane za usiku. Unaweza?"

"Naweza."

"Haya. Kunywa chai yako, inapoa."

Akarudi kwenye mkeka, akakaa palepale alipokuwa amekaa mwanzo, karibu na Brayan, akafungua daftari. Zablon akanywa chai. Ilikuwa ya moto sana, ikamuunguza ulimi, naye akainywa yote.